Ukurasa Wenu wa Mboga Umeingia Buchani Kwangu

Kwako Ndugu Mhariri wa gazeti la Jumamosi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wanaokusaidia kupanga kurasa, na kwamba mmeshakula. Mimi nimekula. Nimekula bilinganya, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mwenye bucha ile ya mlango wa kijani, pale kwenye kona, jirani na fundi viatu. Vilevile ni mwenyekiti wa umoja wa wenye bucha, cheo nilichokipata kwa kuwa siku ya uchaguzi wenzangu wote walikuwa wanaangalia chini. Nina mke, watoto na paka, na hadi mwaka jana nilikuwa pia na kitambi cha kuridhisha. Gazeti lenu nalithamini sana kwa namna yangu. Nakala zenu zinazododa mimi ndiye ninayezichukua kwa mafungu, kwa sababu karatasi yenu ni ngumu, haipasuki ikilowa, na inafungia nyama vizuri kuliko gazeti lolote mjini. Hiyo ni sifa. Ipokee mapema, maana kuanzia hapa sifa zimekwisha.

Malalamiko yangu ni juu ya ule ukurasa wa afya mnaouita "Sufuria Bila Nyama", unaoandikwa na mtu anayejiita Shangazi Mboga. Nayapanga kwa namba ili usije ukasema hukuelewa.

1. Ukurasa huo uliingia nyumbani kwangu kwa mikono yangu mwenyewe. Kila nikifunga bucha hukata kipande cha nyumbani, nakifunga kwenye gazeti, nampelekea mke wangu. Ndivyo tulivyoishi tangu tuoane. Sasa mke wangu ni mtu asiyeweza kuyaona maandishi akayapita. Husoma hata boksi la dawa ya meno. Jioni moja alifungua furushi, akaisoma ile karatasi akiwa amesimama, akavuta kiti akaisoma tena, kisha akaiweka nyama kando na kuanza kumenya boga. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole kwamba anajaribu tu, kwa wiki hii. Ndugu Mhariri, wiki hiyo bado inaendelea.

2. Nilipokaa nikatafakari, nikaona jambo la kutisha zaidi. Kama ukurasa ulinifikia mimi, basi umemfikia kila aliyenunua nyama kwangu. Nimekuwa nikiwafungia watu kilo zao kwa karatasi inayowasihi wasirudi! Nikajaribu kuuchambua ukurasa huo na kuutupa, lakini kwa kuwa nyuma yake mnachapa matokeo ya mpira, wateja wakanuna. Yupo mwalimu mmoja mstaafu, mtu niliyemheshimu sana. Alikuja juzi akasimama mbele ya mizani akasema, "Nipe robo, mwenyekiti, ila unifungie na ule wa kunde. Wa maharage ninao." Nikamfungia. Ningefanyaje? Nilipochungulia nje nikamwona anamrushia mbwa wa fundi viatu ile nyama, halafu anaukunja ukurasa taratibu na kuutia mfuko wa ndani, kama hati ya kiwanja.

3. Kipande cha nyumbani sijaacha kukipeleka, kwa sababu mwenye bucha akirudi kwake mikono mitupu watu wataanza kuuliza. Mke wangu hukipokea kwa shukrani zote na kumpa paka. Kwa hiyo hivi sasa, katika nyumba ya mwenyekiti wa wenye bucha, anayekula nyama ni paka. Amenenepa mpaka amepata hadhi. Panya wanapita mbele yake naye anawatazama kama ofisa anayengoja kustaafu. Hilo ningelivumilia, lakini kitinda mimba wetu aliulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani, akasimama wima na kujibu kwa fahari, "Baba anauza chakula cha paka." Mwalimu wake alinitumia salamu za pole.

4. Kitambi. Wewe ni mtu wa ofisini, huenda hujui kwamba kitambi cha mwenye bucha ni kibao chake cha biashara. Mteja anapoingia hatazami nyama kwanza, anamtazama muuzaji. Akimwona amejaa, anajua bidhaa imejaribiwa. Changu kimeyeyuka. Suruali zangu za kazi nazifunga kwa kamba, na aproni inanizunguka mara mbili kama mtoto aliyefungwa kwenye taulo. Wiki iliyopita aliingia mgeni, akanikuta nimesimama na kisu mkononi, mbavu zimening'inia nyuma yangu, akaniuliza mwenye bucha yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akanitazama juu mpaka chini, akasema hana haraka, atapita tena mwenye bucha akirudi.

5. Najua utajitetea kwamba ukurasa wenu unaleta afya. Ni kweli, na hilo nalo ni kosa. Mimi na daktari wangu tulikuwa tumezoeana. Ananipima presha, anatikisa kichwa, ananigombeza, namwahidi, tunacheka, tunaagana mpaka mwezi ujao. Safari hii alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akakipigapiga kile kipimo mezani, kisha akaniambia niko sawa, nisirudi mpaka mwakani. Nilitoka pale kama mtu aliyefukuzwa kazi. Tena nimeacha kukoroma. Mtaona ni neema, lakini kukoroma kwangu ndiko kulikokuwa kunafunika ugomvi wa majirani wa ukuta wa pili. Sasa nyumba nzima tunasikia kila neno. Nikikutana na yule bwana asubuhi naona haya, kana kwamba ni mimi niliyemwita mama mkwe wake gunia.

6. Ng'ambo ya barabara, mkabala na bucha yangu, yupo muuza mboga tunayemwita Mama Mchicha. Kwa miaka yote tuliheshimiana kama mataifa mawili jirani: kila mtu na mpaka wake. Aliniita mwenyekiti. Siku hizi ananiita shemeji. Asubuhi huvuka barabara na fungu la majani linalotiririka maji, analibwaga juu ya gogo langu la kukatia nyama, mbele ya wateja, na kusema kwa sauti inayofika kwa fundi viatu, "Mpelekee dada, shemeji, mwambie ni ya leo hii." Halafu anatazama kulabu zangu kwa huruma, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

7. Hapa ndipo penyewe. Yote ya juu ni mwasho. Hili ni jipu. Umoja wetu una desturi kwamba kabla ya kuchagua mwenyekiti, yule aliyepo huwaalika wanakamati nyumbani kwake kwa chakula cha mchana. Hotuba hatusikilizi. Tunaangalia sahani. Mwenyekiti aliyenitangulia aliangushwa na mchuzi wenye mifupa mingi. Mwaka huu zamu ni yangu, siku ni Jumapili hii, na anayekitaka kiti changu ni mwenzetu tunayemwita Paja, kwa kuwa hata ukimwomba ini atakuuzia paja. Huyu bwana anajidai kwamba akitafuna tonge moja anajua ng'ombe alikuwa akilalia ubavu gani. Ameshaanza kuwapitia wenzangu dukani mmoja mmoja, akiwauliza, mtu aliyeshindwa kuulinda mchuzi wa nyumbani kwake ataulinda vipi umoja?

Nimemwomba mke wangu. Nimemwomba kwa heshima, nikamwomba kwa masikitiko, nikamwomba kwa kuosha vyombo. Jibu lake ni moja: "Wageni wako ni wageni wangu, baba. Watakula ninachopika." Hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia.

Utauliza kwa nini nisiipike nyama mwenyewe. Ndugu Mhariri, nakuambia kama ndugu: mimi naijua nyama mpaka inapofika mdomoni mwa sufuria. Hapo elimu yangu inakoma. Nilijaribu Jumanne, mke wangu akiwa kwenye kikundi chao. Aliporudi alifungua madirisha yote bila kuuliza chochote, akanipa glasi ya maji. Sufuria ile sasa tumepandia kitunguu. Na kuleta chakula kutoka hotelini ni kukiri mbele ya kamati kwamba nyumbani nimepinduliwa.

Mwenyekiti si cheo kikubwa, najua. Hakina mshahara wala kiti chenyewe, nakalia kreti. Lakini mtaani kwetu, mimi ambaye sikumaliza shule, watu wazima hunisimamisha njiani kuniuliza maoni yangu. Nikivuliwa hicho kwa ajili ya boga, nitapita wapi?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya haya. Jumamosi hii mchapishe masahihisho, herufi kubwa, kwamba uchunguzi mpya umeonyesha boga ni mboga nzuri ya kutazamwa. Kama dhamiri inawabana, basi ukurasa huo mchapishe kwenye karatasi ile ya kung'aa inayoteleza, isiyofungia hata dagaa, ili kila mtu abaki na biashara yake. Kama nalo gumu, mhamisheni Shangazi Mboga aandike utabiri wa hali ya hewa, ambako mke wangu hamwamini mtu. Na mkishindwa yote, basi Shangazi mwenyewe aje kwangu Jumapili, akae kati yangu na Paja, afunue sufuria kwa mkono wake, na amweleze huyo Paja ni kitu gani kile. Mimi nitakuwa nyuma ya mlango.

Sitishii. Ila ujue kwamba nikikosa msaada nitahamia gazeti lile lingine, na karatasi yake ni laini kama tishu, kwa hiyo fikiria jinsi nilivyofika mbali.

Naomba unisalimie wapiga chapa, wasambazaji, yule anayeandika matangazo ya vifo kwa maneno mazuri, mlinzi wa mlangoni, na nyumbani kwako wote. Hata Shangazi Mboga nisalimie, sina kinyongo naye. Mwambie tu kwamba ule mchuzi wa kunde ungependeza zaidi tangawizi ikipunguzwa.

Ni mimi, wako ninayezidi kupungua,
Mwenye Bucha wa Mlango wa Kijani,
Mwenyekiti (mpaka Jumapili)

Nyongeza: Barua hii ilisahaulika kwenye koti langu la kazi, na Jumapili imeshapita. Naituma hivyohivyo kwa kuwa nimeihangaikia, lakini tafadhali usitekeleze hata ombi moja. Kamati ilikuja. Mke wangu akatenga bakuli la mchuzi mzito, mwekundu, wenye vipande vinavyochambuka nyuzinyuzi. Mimi niliinamia sahani yangu nikisubiri kuzomewa. Nilipoinua macho nikamwona Paja amefumba yake, anatafuna polepole. Mmoja akasema hiyo ni shingo. Mwingine akaapa ni ubavu wa ndama. Wakabishana mpaka wakaongezwa, wakaongezwa tena, ndipo Paja akaweka mkono begani kwangu, sauti imemlegea, akasema, "Mwenyekiti, miaka yote hii ulikuwa unatuficha. Hii ni sehemu gani ya ng'ombe?" Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, ananitazama. Nikamjibu kwamba ni sehemu ambayo si kila mtu anajua kuikata. Sioni kama nilisema uongo. Nikachaguliwa palepale, kabla ya kunawa, na Paja ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.

Lilikuwa fenesi bichi, Ndugu Mhariri. Shangazi Mboga, toleo la mwezi uliopita.

Sasa Paja anamwoza binti yake Jumamosi ijayo, na anataka nyama ileile kwa ajili ya wazee wa upande wa bwana harusi, na hataki bucha nyingine yoyote. Nimekubali. Mke wangu anasema atapika kwa moyo mkunjufu, nikishasimama mbele ya Paja na kumwambia ni kitu gani alichokula. Hilo siliwezi, kwa hiyo nimeamua kupika mwenyewe. Ukurasa wa toleo lile sinao tena, na anayeyajua mapishi hayo anakaa kwenye kiti chake ananitazama na kutabasamu. Naomba Shangazi Mboga anijibu upesi, bila kupitia gazetini, mambo mawili tu: utomvu wa fenesi unatokaje kwenye mikono ya mtu, kwa sababu naandika hii nyongeza kalamu imeninasa vidoleni, na fenesi la ukubwa wa mtoto anayejifunza kutembea linatosha wakwe wangapi?