Jinsi Ncha ya Bisibisi Ilivyoizuia Ndege Isiyoonekana

Ilikuwa imekwisha kuanza kutambaa, enyi mlio karibu nanyi mlio mbali. Ilikuwa imekwisha kuliacha banda na kuielekea njia ya kurukia, ile ndege ya vita ya kijivu, binti wa hesabu elfu, hasimu wa rada, ambayo jicho la chuma haliioni wala sikio la umeme haliisikii. Acheni maziwa yafurike jikoni, mnipe masikio. Nami, Orval Stamey, Mfagizi wa Lami, Tishio la Kokoto, niliyetangatanga majimbo kumi na manne na kufukuzwa kazi katika tisa, nikainua kofia kuipungia kutoka katika gari langu la kufagia.

Siku hiyo ndege ilikuwa na kesi ya kujibu. Wakaguzi wa makao makuu walitufuata huku jangwani Nevada na swali ambalo sisi wenyewe tulikuwa tukilinong'ona: je, sifa zake zinalingana na kazi yake? Maana mvua huichubua ngozi, joto huipa homa, na mara nyingi ikitua hukaa bandani siku nne ikipakwa dawa kama bibi harusi. Hukumu ilikuwa moja: iruke siku tatu mfululizo. Jumatatu iliruka. Jumanne iliruka. Jumatano ikishindwa kuondoka kabla ya saa sita mchana, basi ifunguliwe vipandevipande, ndugu zake wagawane viungo.

Wa kuumia hakuwa rubani. Rubani huazima tu. Mwenye ndege ni fundi wake mkuu, ambaye jina lake hupakwa rangi ubavuni mwa ndege: Sajenti Verlene Tuckett, Simba Jike wa Spana, mwenye magoti mabovu na miaka tisa chini ya tumbo lile. Ijumaa alikuwa anastaafu. Hakutaka zawadi wala keki. Alitaka aiache ikiwa nzima.

Basi saa nne na dakika sita Verlene akalitazama sanduku la zana kabla ya kulifunga, kama sheria inavyotaka. Humo kila zana ina shimo lake kwenye sponji, limechongwa kwa umbo lake, ili ikikosekana pengo lipige kelele. Na pengo likapiga kelele. Ncha ya bisibisi, ile ya kuchomeka na kuchomoa, ndogo kama punje ya mahindi, haikuwemo.

Angeweza kufunga kifuniko na kunyamaza. Lakini punje kama ile ikimezwa na injini huitafuna kutoka ndani, na rubani haambiwi mapema.

"Zimeni injini!" alisema redioni. "Ncha imepotea. Ni yangu."

"Verlene, usinifanyie hivi leo," alijibu rubani, Kapteni Grady Oyler, ambaye wenzake walimbatiza Uji kwa alichokitapika siku yake ya kwanza angani. "Tafuta mifukoni, dada."

"Nimetafuta. Shuka, Kapteni Uji, kabla sijapanda kukushusha kwa sikio."

Ndipo jeshi likapanga safu. Watu arobaini bega kwa bega, macho chini, wakienda hatua kwa hatua kama kuku wanaodonoa. Hata Kanali Wendt, mkaguzi mkuu, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, aliinama. Nikashuka garini kifua mbele, kwa kuwa vita vya takataka ni vyangu.

"Enyi majemadari!" nikanguruma. "Miaka sita naifagia nchi hii ya lami, na hakuna kokoto iliyowahi kunipita! Kama ncha ile iko chini ya jua, jicho la Orval…"

"Mzee, tembea," alisema Verlene.

"…litaifichua, kama mwewe…"

"Mzee Orval, tembea au nyamaza. Ukiweza vyote viwili, nitashukuru."

Tukatembea. Tukateka kizibo cha soda, panzi watatu waliokufa, na jiwe moja nililolihutubia kwa kirefu. Ikagonga saa tano. Jua likatupiga bila kuuliza cheo. Kanali akatazama saa yake, akaitazama tena. Verlene alikuwa amepiga magoti chini ya ndege, anapapasa lami kwa viganja, na nilimsikia akiiambia polepole, "Nisamehe, mama. Nisamehe."

Nikapiga hatua: tik. Nyingine: tik. Nikasimama, na adui akasimama. Nikajua ananinyemelea.

"Mzee," alisema Uji aliyekuwa pembeni yangu, "kiatu chako kinaongea."

Langoni pana kibao: kila aingiaye akague matairi na nyayo zake. Kibao hicho nilikipaka rangi mimi. Asubuhi nilimpelekea Verlene kahawa, nikapita katikati ya zana zake nikipiga mluzi, nikatoka bila kutazama chini. Nilidhani nyayo za kukaguliwa ni za watu wengine.

Sikieni na aibu yangu yote: niliwaza kuing'oa kimyakimya, niitupe mbele, niiokote kwa kishindo. Hata maneno ya ushindi nilikuwa nayo tayari. Kisha nikamwona Verlene bado kapiga magoti.

Nikainua mguu kama jogoo. "Sajenti! Mateka huyu hapa. Na mwizi ni mimi."

Alikuja akichechemea, akashika kisigino changu kama mtu anayempigilia farasi kiatu cha chuma, akaichomoa ncha kwa koleo.

"Hakuna kokoto iliyowahi kukupita, eti?"

"Hii haikunipita, Sajenti. Ilinipanda."

Hakucheka. Ila aliufinya mguu wangu kabla ya kuuachia, kisha akakimbia na magoti yale, akapaza sauti, "Washeni!"

Saa sita kasoro dakika saba, ndege iliruka. Wenye rada kule mlimani waliripoti kwamba hawakuona kitu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule kutoona kitu kukawa habari njema. Katika daftari la kikosi, enyi vizazi vijavyo, kuliandikwa: "Ncha imepatikana kiatuni." Kuna wafalme walioandikwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Verlene alistaafu Ijumaa. Anaishi na dada yake Oklahoma. Goti la kushoto limefanyiwa upasuaji. Jina lake lilifutwa ubavuni, likapakwa la fundi mwingine. Oyler alihamishiwa Alaska. Wakaguzi waliandika kurasa mia mbili, na jibu lao kwa swali lile lilikuwa "kwa kiasi." Ndege iliruka mara kumi na moja zaidi, kisha mvua ikanyesha; sasa ndege iko bandani, ingali nzima. Mimi, kwa ajili ya kiatu kile, siku hizi naendesha lori la maji nje ya uzio.