Laki Yangu na Nazi za Shemeji Zuwena

Mselem Kombo,
Mwera, Pangani.
Ijumaa, baada ya swala.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa adabu zote, ingawa nimejaa hasira.

Wewe ulikuwa shahidi. Mwezi wa Rajabu nilimpa shemeji yangu, Bi Zuwena, arubuni ya shilingi laki moja. Naye akanipa haki ya kununua nazi zake elfu moja, kila nazi kwa shilingi elfu moja, hadi adhana ya alasiri ya leo. Nikitaka nanunua, nisipotaka basi, ila arubuni hairudi. Nilijua bei itapaa kuelekea mfungo. Leo asubuhi sokoni nazi ni mia nane. Lahaula! Nani mwenye akili zake atoe elfu kwa kitu cha mia nane? Kwa hiyo nalalamika:

1. Shemeji amebaki na laki yangu na nazi zake zote. Haijapungua hata moja! Mimi nimelipia nini, hewa?

2. Siku ile ulinieleza kwamba nazi zikifika elfu moja na mia moja, narudisha arubuni yangu tu. Zikizidi hapo, ndiyo faida. Zikishuka hata zikawa za bure, hasara yangu haivuki laki. Ukalisema hilo kwa tabasamu. Mwenyekiti, laki ile ilikuwa ya mabati ya jiko la mke wangu, Tausi. Hajui. Na masika hayo yanakuja.

3. Bei imeshushwa na wanakijiji wenyewe, wanaopika mchuzi kwa mafuta ya chupa. Nitaje majina? Wa kwanza ni huyo huyo Tausi.

4. Naomba basi kijiji kiamuru kila nyumba itie nazi mbili kila mlo: wali, maharage, mpaka uji wa mgonjwa. Ikishindikana, laki yangu irudi, na haki za namna hii zipigwe marufuku Mwera nzima. Mtu asiruhusiwe kulipia kitu ambacho huenda asikichukue.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, na hata shemeji ukimwona, ingawa hastahili.

Mimi niliyedhulumiwa,
Mselem Kombo

Tanbihi: Nimetoka kununua bahasha, Rama wa dukani ananiambia kuna lori la kwenda Horohoro, kule mpakani, limefika tangu saa nane, linanunua nazi kwa elfu moja na mia tano. Laki nne za faida, Mwenyekiti, arubuni ukishaitoa! Nimekimbia kwa shemeji kandambili mkononi. Adhana ilikuwa imeshapita. Ilipoita mimi nilikuwa kwenye lalamiko la nne, na dirisha nimelifunga nisisumbuliwe. Nimemkuta shemeji anapokea fedha zake. Tausi yupo pale anamsaidia dada yake kupakia, akaniuliza nakimbilia nini. Tafadhali ichane barua hii, haki zile zisipigwe marufuku, na uje wewe umweleze Tausi habari ya mabati.