Dang'a ya Tambdi

Jumatatu, 6 Januari
Nimesoma gazetini. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, ina protini mara nne ya maziwa ya kawaida, na kinga tele. Wazo hilo! Nitaikausha iwe unga, niutie kwenye biskuti za afya. Malati, mke wangu, amedhoofika tangu ile homa, chakula hakigusi. Atakuwa mteja wa kwanza. Tambdi, ng'ombe wa jirani yetu Shangazi Sulochana, anazaa wiki hii. Nimemweleza Malati mpango wote. Amegeukia ukutani.

Jumatano, 8 Januari
Siku ya pili zizini, ndoo mkononi. Lazima niwahi: kila saa ikipita, dang'a inapungua nguvu. Pednekar, muuza halua, naye kaja na ndoo. Kubwa kuliko yangu. Hatukusalimiana.
Nilikwenda kunywa chai, dakika kumi tu. Tambdi akazaa. Narudi, ndama yuko kiweleni. Nikamwomba Shangazi amvute kando kidogo, kwa ajili ya sayansi.
"Bhaskar mwanangu," akasema, "huyu kazaliwa hana kinga hata chembe. Wewe una miaka sitini na sweta. Ngoja zamu yako."
Pednekar alicheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 9 Januari
Zamu yangu. Lita mbili, nzito, rangi ya samli. Nusu nikaibandika motoni ikauke. Ikaganda kama yai! Nikafungua ukurasa wa pili wa gazeti: moto mkali huharibu kinga. Wangeliandika ukurasa wa kwanza.
Malati alisikia harufu, akainuka kitandani. Akachukua nusu iliyobaki, akatia sukari guru na hiliki, akaipika kwa mvuke. Ikawa kharvas, ile halua ya dang'a, laini, inatetemeka kwenye sahani. Akala mabakuli mawili. Mawili!
"Kaa ule na wewe, mwanasayansi," akaniambia.
Nilikaa. Nikala polepole, nikimtazama yeye.
Akampelekea Shangazi bakuli. Na Pednekar pia, ingawa nilipinga.

Jumapili, 12 Januari
Malati yuko uani, anagombana na muuza samaki. Sauti imerudi yote. Maziwa ya Tambdi sasa karibu ni ya kawaida.
Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa la ng'ombe. Nyati wa kufugwa wa mwalimu mkuu wa shule yetu anazaa Machi, na maziwa ya nyati yana mafuta zaidi. Nimeshaagiza lebo mia tano za biskuti, zenye picha yangu. Malati hajaambiwa. Wala mwalimu mkuu.