Minji Inayoiva Kabla Sijamaliza Sentensi

Jomvu Kuu,
Alhamisi, baada ya Adhuhuri.

Kwa Bi Mueni,
Mwenye mamlaka juu ya jiko la nyumba hii.

Mwanangu mpendwa,

KUH: MINJI YA MAGANDA

Pokea salamu kutoka chumba cha mbele, ambako baba mkwe wako ameketi na afya njema na manung'uniko kiasi. Najua tunaishi nyumba moja na ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini tangu ulete mboga hiyo kutoka hoteli unayopikia huko Shanzu, hakuna anayekaa jikoni muda wa kutosha kuambiwa jambo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Niruhusu nieleze kwanza, maana kueleza ndiko kulikonilipa mshahara mpaka nikastaafu ualimu. Kabla hujaolewa hapa, tulikula mbaazi mbichi za shambani kwetu. Zilimwagwa mkekani baada ya Alasiri, na watu wote wakakaa kuambua: marehemu mke wangu Barke, Mahir mumeo, na jirani yeyote aliyekosea akapita. Mikono yao ilikuwa na kazi, masikio yao yalikuwa bure. Hapo nilieleza kwa nini bahari hupwa na kujaa, na kisima kipi kilichimbwa na nani. Hakuna aliyeondoka, kwa kuwa mbaazi zilikuwa hazijaisha. Hiyo ndiyo saa yangu, na ndiyo ninayoidai.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Minji yako, hizo njegere changa, haiambuliwi. Unakata ncha, unavuta kile kiuzi cha ubavuni, unaosha, unaitia kwenye kikaango chenye mafuta kidogo na kitunguu thaumu. Chumvi, unafunika, unafunua, unakamua ndimu, basi. Juzi nilianza kueleza tofauti ya mbaazi na kunde. Kabla sijafika kwenye kunde, sahani ilikuwa mezani.

2. Maganda yenyewe yanaliwa. Nimefundisha watoto wa watu kwamba ganda ni ganda na chakula ni chakula. Baadhi yao sasa ni mahakimu.

3. Inatafunika kwa kelele. Mimi hula huku nikieleza, lakini kwa minji hii sijisikii mwenyewe. Nikinyamaza nitafune, Mahir anasema, "Haya baba, lala salama," naye ameshafika mlangoni.

4. Jumapili ulikwenda kazini ukaniachia mfuko mzima niwapikie Mwalimu Faiz na Mwalimu Lenox, wenzangu wa zamani. Ulisema, "Baba, ni rahisi, usiifanye chochote." Mwanangu, mtu wa Jomvu haambiwi asifanye chochote mbele ya kitu chenye ganda. Nilitandika mkeka, nikaiambua yote, peke yangu, nikijieleza mwenyewe. Nilipata punje ndogo kama chenga za mchele, zisizojaza kikombe cha kahawa. Maganda nikampelekea jirani yetu Thoya, mwenye mbuzi. Punje nikazipika kwa tui zito, na wageni wakazitafuta kwa vijiko. Lenox akaniuliza kwa adabu kama hayo ni maji ya kunawa. Magharibi Thoya akaja kushukuru: mbuzi wake wanamuulizia mpishi.

Nakulaumu wewe kwa hilo. Ungeniachia mbaazi, ningeaibika kwa njia niliyoizoea.

5. Leo ni minji. Kesho mtapata namna ya kupika muhogo bila kuumenya, maharagwe bila kuyachagua, wali bila kupepeta mchele. Watu watakutana wapi? Baraza zitabaki kwa paka. Watoto watakua bila kuelezwa lolote, na nchi itaendeshwa na watu waliokula mapema wakaenda zao. Nami nitabaki nikiuelezea ukuta. Kusema kweli nimeshaanza, na ukuta unamshinda Mahir kwa usikivu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, minji ya maganda ipigwe marufuku katika nyumba hii, na kila Alasiri mbele yangu liwekwe beseni la mbaazi ngumu, pamoja na watu wa kuziambua. Si lazima zipikwe.

Nisalimie Mahir, uwasalimie wapishi wenzako wa Shanzu, wazazi wako huko bara, na Thoya. Mbuzi wake nimewasalimia mwenyewe.

Ni mimi baba yako, mwenye njaa ya kusikilizwa,

Mwalimu Nassor

T.B. Barua hii nilikusudia kuipenyeza chini ya mlango wa jiko, lakini ulirudi kabla sijaikunja. Ulipika ile minji, ukaipakua, na kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine, ukakaa mbele yangu mikono mitupu, ukasema, "Haya baba, nieleze." Wallahi, sikukumbuka hata kisima kimoja. Sijawahi kusikilizwa na mtu ambaye angeweza kuondoka. Nikaishia kukuuliza habari za kazi, nawe ukaeleza mpaka Magharibi: yule mpishi mkuu anayeonja kwa kidole, na jinsi unavyomkumbuka mama yako ukinusa vitunguu. Muda wote huo tunaishi nyumba moja, na sikuwa nimekuuliza. Sahani niliimaliza mimi, samahani. Kesho ulete minji zaidi. Mbaazi wape mbuzi wa Thoya.