Mswaki wa Kupunguza Miaka

Jumatatu, 4 Agosti

Milembe amepiga simu saa moja asubuhi. Baba yake amekubali kuniona kuhusu posa, Jumapili ya tarehe kumi na saba. Nikaruka. Halafu akaongeza kwamba mzee hataniuliza kazi wala ukoo. Ataangalia kinywa. Nikakaa.

Mzee Luhende wa Lagangabilili amekadiria ng'ombe mnadani kwa miaka arobaini. Anamfunua mnyama mdomo, anaangalia meno, anataja umri. Hajakosea hata siku moja. Wakwe zake wote wamefunuliwa hivyo hivyo, sebuleni, soda mkononi.

Na mimi nilimwambia Milembe nina miaka thelathini na minane.

Nimejitazama kwenye kioo cha pikipiki. Meno ya njano. Fizi zimevimba. Nikitema asubuhi, damu. Nimekwisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa mayu Nyanjige, bibi jirani yangu hapa Zagayu. Ana miaka themanini na bado anatafuna mahindi ya kukaanga kwa meno yake mwenyewe. Nikamwambia nataka kusafisha kinywa kwa ajili ya afya. Akasema kweli, Lagangabilili siku hizi kuna afya nyingi. Huyu mama anajua kila kitu.

Amenipa vijiti vya mti wa mswaki. Menya ganda kidogo, tafuna ncha mpaka nyuzi zifunguke, sugua polepole kutoka kwenye fizi. Ncha ikichakaa, kata, tafuna nyingine. Asubuhi na jioni. Nikauliza meno yatakuwa meupe baada ya siku ngapi. Akasema miezi. Nikamwambia nina siku kumi na mbili. Akasema basi nitapata fizi tu, meno nimwachie Mungu.

Ukali wa mti wenyewe unapanda mpaka puani.

Alhamisi, 7 Agosti

Kama mara mbili zinasaidia, mara tisa je? Nimesugua mara tisa. Hata kazini, kwenye mzani wa pamba, kijiti kilikuwa mdomoni. Mkulima akauliza kilo ngapi, nikajibu, hakuelewa. Tukapima mzigo mmoja mara tatu, na foleni nzima ikaninunia.

Jioni fizi zilikuwa zinawaka. Mayu Nyanjige amenigombeza kwamba hayo ni meno, sio sufuria ya ugali. Nirudi kwenye mara mbili. Nimekubali kwa sababu siwezi kutafuna chochote.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, viwanja vya Nyakabindi. Nani nimkute huko? Marcelo, fundi simu wa Bariadi. Naye anamtaka Milembe, na naye ameitwa tarehe kumi na saba. Kijana wa miaka thelathini na mmoja. Akanitabasamia makusudi, meno yote nje, meupe kabisa.

Nikamuuliza kwa ujanja anatumia dawa gani ya dukani. Akasema hatumii, ni mswaki wa mti tu, tangu darasa la kwanza. Nimemchukia zaidi. Angalau angekuwa anatumia kitu cha gharama, ningemwelewa.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimetema: hakuna damu. Nimebonyeza fizi kwa kidole: ngumu, haziumi. Harufu nayo imeondoka. Violeth, karani mwenzangu, ambaye miaka yote anaongea nami huku anaangalia dirishani, leo amenigeukia.

Lakini njano iko palepale. Mtu mwenye akili angeshukuru kwa fizi akaendelea taratibu. Mimi nina siku nne.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimegundua siri. Kwenye upenu wa mayu Nyanjige kuna mizizi mikavu, imefungwa vizuri kwa kitambaa, imefichwa. Kumbe mimi amenipa matawi, dawa yenyewe kaificha! Nikamwamkia mwadila, akaitika, akaenda kufukuza mbuzi kwenye mahindi yake. Nikachomoa mmoja.

Nimeutafuna jioni nzima mpaka taya zikagoma. Una ukakasi. Dawa kali siku zote ina ukakasi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamka na mdomo mwekundu. Midomo, ulimi, fizi, vyote. Sabuni haikutoa. Ndimu haikutoa. Mayu Nyanjige akaja kuulizia mzizi wake, akaniona, akakaa chini kabisa kwa kicheko. Ni mzizi wa mdaa. Wanawake wanautafuna siku ya harusi ili midomo ipendeze. Alikuwa amemwekea mjukuu wake.

Nimekwenda hivyo hivyo, leso mdomoni. Mama yake Milembe akaniuliza nani kanipamba. Marcelo alikuwa anatoka, kanuna. Mzee alimwambia ni ndama bado, arudi akikomaa.

Zamu yangu. Mzee Luhende akavaa miwani, akaniinua kidevu, akajaribu kufuta rangi kwa kitambaa, akabonyeza fizi kwa dole gumba. Akasema hakuna damu, fizi zimekaza, huyu mtu anajitunza. Nikapumua. Halafu akasema: arobaini na minne.

Milembe akanitazama. Akaniuliza kwa upole kama baba yake amekosea. Akasema umri haumsumbui, yeye mwenyewe ana arobaini na mitatu, na bwana mtu mzima ndiye anayemtaka. Kinachomsumbua ni uongo. Nikisema ukweli sasa hivi atanisamehe na hataniuliza tena. Nikisema uongo, niondoke kama Marcelo.

Nikainamisha kichwa. Nikakiri mbele ya wote kwamba ni kweli, nina arobaini na minne. Machozi yalinitoka, na yalikuwa machozi ya kweli kabisa. Milembe akanishika mkono. Tukaletewa wali na kuku.

Jumanne, 19 Agosti

Ndoa imekubaliwa. Mdomo sasa umefifia, umebaki wa waridi.

Mswaki naendelea nao asubuhi na jioni, wala siachi maisha yangu yote. Siku kumi na mbili tu, na umenipunguzia miaka mitano. Mimi nina arobaini na tisa.

Padre anataka cheti cha ubatizo Jumamosi, kabla hajatangaza ndoa. Nimekiangalia. Mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwa mkono, wino wa bluu. Nimeshanunua kalamu.