Tathmini ya Vyandarua Vyetu

“Hivi, Mama Anselmi, chandarua chenye dawa ni cha uzi mwekundu au cha uzi wa bluu?”

Domina, jirani yangu, aliniuliza hivyo huku amempakata mjukuu mchanga aliyekwisha kuugua homa mara mbili. Aliniuliza mimi kwa kuwa ni mjumbe wa Kamati ya Kijiji ya Kupima Ubora na Manufaa ya Utafiti. Nikamjibu kiserikali: suala linashughulikiwa.

Na kweli lilikuwa linashughulikiwa. Baada ya mafuriko wafadhili walitugawia vyandarua, kila kaya kimoja. Nusu vilitiwa dawa, nusu havikutiwa, vikatofautishwa kwa rangi ya uzi wa pindoni tu, ili wataalamu waone nani ataugua zaidi. Tuliugua kwa ushirikiano mkubwa. Ripoti ikaandikwa. Sisi hatukuambiwa kitu, maana matokeo hayatolewi kabla ya tathmini. Siku hizi kila kitu ruksa, ila hicho.

Mungu si Athumani, mtathmini akaja kijijini kwetu Kisanga: Bwana Lupakisyo, kutoka Dar es Salaam, ripoti kwapani.

“Shikamoo mama. Utafiti umewafikia?”

“Marahaba. Umetufikia, baba. Na mbu pia,” akasema Domina. “Uzi gani una dawa?”

“Hiyo ni siri ya kitaalamu, mama. Ukijua, utapendelea.”

“Si ndiyo nataka kupendelea! Mtoto anaungua!”

Bwana Lupakisyo akaandika: mwitikio wa jamii ni mzuri sana. Nami, kama mjumbe, nikaunga mkono.

Jioni mvua ikafunga barabara ya Mikumi, mgeni akalazwa kwangu. Kwa heshima yake Kamati ikamletea vyandarua viwili achague: changu cha uzi mwekundu, na cha Domina cha bluu. Mbu walikwisha kuanza kikao.

“Chochote tu, mama zangu,” akasema. Kisha akawasha tochi, akamulika pindo la kwanza, akamulika la pili, akachukua cha uzi mwekundu. Akakifunga mwenyewe, akaingia, akachomeka pembe zote.

Ndivyo matokeo ya utafiti yalivyowasilishwa kwa wananchi, bila mkalimani.

Domina akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Chandarua ni changu, na mjumbe ana mamlaka yake. Domina akafungua kamba moja moja, mgeni kakaa pale pale kitandani, akamwekea cha bluu miguuni.

“Lakini mama, hicho cha bluu...”

“Kina nini, baba?” nikamuuliza kwa niaba ya Kamati.

Bwana Lupakisyo akaikumbatia ripoti yake ya siri. Domina akakitupa begani kile cha uzi mwekundu, akaenda kumfunika mjukuu.