Bia Nisiyoinunua Baraka

Jumatatu, 3 Juni

Nimevuka ziwa, nimefika Baraka salama. Boti imerushwa na mawimbi tangu Kigoma. Nusu saa tu katika nchi ya watu, nimeshaibiwa! Mkahawa wa bandarini. Fanta moja. Mimi, faranga elfu nne. Jamaa wa meza ya pili, Fanta ileile, elfu mbili. Nikauliza kulikoni. Mhudumu akanieleza kwa upole kwamba nilikuwa nimekalia kiti chenye mto.

Mto! Nimeapa. Ugenini siingii tena mahali penye mto, penye friji ya kioo wala penye muziki. Mgeni anayeketi baa anachunwa kama mbuzi wa sikukuu.

Placide, tuliyepanda naye boti, muuza vioo vya simu, alilipa elfu nne zake akicheka, na chenji akamwachia mhudumu. Mjinga mkubwa. Eti yeye amekuja Baraka kuuza vioo na, Mungu akipenda, kutafuta mke. Kwa matumizi hayo atapata deni tu.

Mimi mke nimeshampata. Félicité! Mwaka mzima tunaongea kwa simu, tangu alipoleta redio yake mezani kwangu Kigoma nikamtengenezea. Baba yake alikufa zamani, amelelewa na baba mdogo wake aitwaye Bertin. Bila Bertin hakuna ndoa. Yeye Félicité yuko Lulimba kuwauzia vitenge wachimba dhahabu, anarudi Ijumaa. Kabla mtandao haujakatika aliniagiza hivi: nenda baa ya kwa Émilienne, kaa, agiza bia mbili, moja yako, moja ya baba mdogo. Ndivyo wanavyomwangalia mtu huku. Mwanaume asiyeweza kufungua chupa mbele za watu, mtoto wa watu atamlisha nini?

Bia mbili. Tutaona.

Jumanne, 4 Juni

Nimechungulia kwa Émilienne. Friji ya kioo, ipo. Muziki, upo. Mito, Mungu wangu, hadi kwenye benchi! Nikauliza bei nikiwa dirishani. Émilienne, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akataja. Nikashika ukuta.

Nikapata akili. Kwa nini nimkute Bertin ndani wakati naweza kumkamata mlangoni akiingia? Salamu ni bure popote duniani. Nikasimama ng'ambo ya barabara tangu saa kumi, nikitafuta mzee mwenye sura ya ukwe. Hakuna. Émilienne akatuma mtu kuniuliza kama nimepotewa na mbuzi.

Placide akapita, akaniita ndani. Nikakataa. Akasema mkono mtupu haulambwi, tena mgeni asiyeketi hajulikani. Akaingia kama mwenye mali.

Njaa ikaniuma. Ndipo nikasikia nyimbo za kanisani, vichochoro viwili mbele. Turubai, viti vya plastiki, masufuria makubwa. Kilio! Amefariki mzee mmoja, Wilondja. Kwenye kilio nani atakuuliza hela? Nikaketi. Nikalia vizuri sana. Nilikuwa nafikiria ile Fanta.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi kwenye kilio. Bugali wa moto, sombe, ndicho kisamvu chetu, yenye mawese, na ndagala, dagaa wa kwetu. Utamu gani huo! Nikiwa katikati ya tonge, dada wa marehemu, mama Alida, akanijia. Akauliza mi ni mutoto wa nani. Nikasema natoka upande wa Kigoma. Akanishika uso kwa mikono miwili. Akasema nisimufiche, mi ni mutoto ya Asukulu.

Mdomo ulikuwa umejaa. Nikaitikia kwa kichwa.

Jamani, kelele! Kumbe marehemu alikuwa na mdogo wake, Asukulu, aliyekimbia vita vya tisini na sita, akapanda boti ya Kigoma, na hadi leo hakuna habari. Miaka ishirini na minane! Mzee mmoja mrefu, wanamwita Papa Gentille kwa jina la binti yake wa kwanza, akanikumbatia hadi mbavu zikalia. Akauliza kama kaka yake angali hai.

Nikafikiri haraka. Akiwa hai watataka namba ya simu. Nikasema alifariki.

Sasa wanawalilia wawili. Mama Alida amelia hadi nikamwonea huruma kweli, nikalia naye. Siku za kilio zimeongezwa. Chakula pia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimehama gesti. Mtoto wa nyumba hawezi kulala kwenye vyumba vya kulipia, wamesema. Nami nimekubali bila ubishi.

Nimenyolewa kipara. Wafiwa wa karibu wote wananyolewa, na mimi sasa ni wa karibu kuliko wote. Nikapasua kuni, nikabeba maji, nikawapokea waombolezaji kwa sura ya huzuni. Kazi si haba, ila sijalipa hata senti.

Mchana akaja Placide na kreti ya soda begani. Eti kwa Émilienne wamemwambia mteja wao wa kila jioni amefiwa, naye kama mgeni ameona aibu kuja mikono mitupu. Akatoa pole, akaketi nyuma kabisa kwenye jua. Nikampelekea maji kama mwenyeji. Kichekesho! Yeye amenunua kreti ili apate kuketi, mimi nimepewa hadi godoro.

Bertin bado sijamwona. Kuuliza siulizi, mfiwa haulizii habari za wakwe. Nitamkamata tu.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa.

Saa tisa pikipiki ya kutoka Lulimba imesimama mbele ya turubai. Ameshuka mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye kope, anamlilia baba mkubwa wake Wilondja. Félicité! Félicité wangu!

Papa Gentille akamshika mkono akamzungusha kuwasalimu ndugu. Wakafika kwangu. Akamwambia amusalimie yaya yake, ndiyo kaka kwa lugha yao, mutoto ya Asukulu, Mungu amemurudisha. Félicité akakitazama kipara changu. Akanitazama mimi. Akaacha kulia.

Nikamnong'oneza mama Alida kuuliza huyu Papa Gentille hasa ni nani. Akashangaa. Akasema si ndiye Bertin, baba yako mudogo!

Bertin! Siku tatu nakula naye sahani moja! Marehemu Wilondja, Asukulu, Bertin na baba yake Félicité, wote wanne ni tumbo moja. Watoto wa ndugu. Hapa watoto wa ndugu ni ndugu, hawaoani hata mbingu zianguke. Nimejifanya kaka yake.

Nimekosa hamu ya kula. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Félicité amenikuta nyuma ya jiko. Nilitegemea matusi. Hakutukana. Alisema amepanda pikipiki tangu Lulimba akihesabu kona za barabara, akijua anakuja kumwona mwanaume wake ameketi na baba mdogo wake. Macho yakamjaa machozi. Nikatamani ardhi inimeze.

Kisha akasema dawa ipo. Niende mbele ya wazee, niseme nilidanganya kwa sababu ya njaa. Watanikasirikia, watanitoza faini: mbuzi mmoja na kreti mbili za bia, maana nimemliza mama Alida kwa uongo. Nikishalipa, ninywe na Bertin, yatakwisha. Yeye atasimama pembeni yangu, waseme watakavyo. Ananipenda, akasema. Hivyohivyo, na kipara changu.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.

Nikamuuliza kama kreti zinaweza kuwa moja.

Nikauliza pia kama zitanunuliwa kwa Émilienne au mahali penye bei ya kawaida. Akafuta mikono kwenye kitenge. Akasema nibaki salama, yaya. Akaenda.

Ana hasira tu. Zitapoa. Nina mpango bora zaidi, usio na mbuzi.

Jumapili, 9 Juni

Mpango wangu ulikuwa hivi: si kukana, ni kurekebisha. Baada ya ibada nikasimama mbele ya ukoo mzima. Nikasema nimekumbuka jambo. Huyo Asukulu hakunizaa, aliniokota tu njiani nikiwa mdogo. Damu yetu si moja. Kwa hiyo kuoa naweza kuoa popote, hata humuhumu.

Mama Alida akalipuka kulia. Akasema huyo ndiye Asukulu wake, moyo wa dhahabu, hata kwenye vita anaokota batoto ya bengine! Papa Gentille akasimama, akatangaza mbele ya mchungaji kwamba mtoto aliyeokotwa na ndugu yake ni wao mara mbili, na atakayesema vinginevyo atakiona cha moto. Watu wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniombea.

Nikapewa koti la marehemu. Zuri, la sufu, halijatoboka. Félicité hakuniangalia. Alikuwa anamkaribisha Placide kiti cha mbele.

Jumamosi, 22 Juni

Fizi, juu mlimani, nyumbani kwa ukoo. Baridi, koti limefaa.

Leo Placide ameleta posa ya Félicité. Kumbe tangu kilio kiishe, kila jioni alikuwa na Bertin kwa Émilienne, na Bertin amemwangalia akaridhika. Mbuzi saba, kreti kumi, vitenge vya kina mama. Anafilisika huku anatabasamu.

Mimi nimeketi upande wa wenye binti. Kaka mtu. Wazee wakaniambia niulize maswali. Nikauliza kama ana uwezo wa kumlisha dada yangu. Sauti ilinikwama kwenye neno dada. Wakadhani ni uchungu wa ndugu, wakanipigapiga mgongoni.

Félicité akaniletea bia kwa mikono miwili, akapiga goti kama desturi inavyotaka. Alikuwa mzuri hadi nikaona vibaya. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ingenigharimu mbuzi mmoja tu. Nikainywa ile bia, ikapita kama maji ya chumvi.

Halafu wakanipa mbuzi wangu. Kumbe kaka wa bibi arusi ana haki yake! Nimempigia hesabu Placide tangu ile Fanta. Ametumia mali ya kufungulia duka. Mimi nimekunywa chupa tano, nina koti, nina mbuzi, sijatoa hata senti. Sasa nani mjanja?

Jumatatu, 24 Juni

Baraka tena. Mungu hamtupi mja wake! Pale Fizi dada yake Placide, Aline, alicheka kila nilipozungumza. Meno yale! Ameniambia tukutane leo mkahawa wa mama Nibizi, mama wa Kirundi kama yeye, karibu na soko, anakokunywa chai kila siku tangu aje kwa ajili ya posa. Moyo umeanza upya. Leo nitamweleza yote niliyo nayo moyoni.

Nimewahi kufika ili nichunguze bei. Vizuri nilivyowahi! Kahawa ya mgeni ni mara mbili ya kahawa ya mtu wa nyumbani. Nikamwambia mama Nibizi kwamba mimi na Aline ni baba mmoja, mama mmoja.

Bei imeshuka papo hapo. Mama Nibizi amefurahi kupita kiasi, amewatangazia wateja wote, na amemtuma mtu mbio kumwita Aline, kaka yake amefika. Kahawa ni nzuri. Nimeagiza ya pili.